Nyota Mbili Mkiani mwa Nge

Krakow, Poland
20 Aprili 1974

Kwa dada yangu Kulsumu,

Shikamoo dada. Mfikishie baba shikamoo yake, na shangazi Mwantum kule Chanji asikose ya kwake. Mimi mdogo wenu sijambo, baridi tu ndiyo inayonionea. Wasiwasi wangu ni juu yenu, kama lori linatembea na kama kifua cha baba kimetulia.

Dhumuni la barua hii ni kukuomba kazi. Usicheke kwanza. Chuoni nimepewa nyota yangu ya kuchunguza kwa ajili ya shahada. Ukiitazama kwa macho ni moja, lakini kwa kweli ni mbili, zimekaribiana mno na zinazungukana kwa muda usiofika siku mbili. Zimevutana hata zimepoteza uduara, zimekuwa kama mayai mawili yaliyoelekezana ncha. Moja ikipita mbele ya mwenzake mwanga wao unapungua, ikitoka unapanda tena. Ukipima huko kupanda na kushuka, kisha ukakaa chini na hesabu, unaweza kujua ukubwa wa kila moja, joto lake na umbali kati yao, bila mtu yeyote kufika huko.

Shida ni kwamba nyota yangu ni ya kusini. Huku haipandi hata juu ya paa za nyumba. Ninavyo vipimo vya zamani vya watu wa nchi za kusini, lakini vya miaka hii sina, na profesa anasema bila vipya hatutajua kama mwendo wake ni uleule. Nikaikumbuka mbingu ya Ufipa wakati wa kiangazi. Nikayakumbuka na macho yako, wewe uliyekuwa ukilitambua lori la baba likiwa bado mbali kule Mollo.

Nimekuchorea kundi la nyota la Nge. Mkiani kuna nyota mbili zilizobanana, yetu ni ile kubwa. Kila jioni mbingu ikiwa safi, ilinganishe na nyota niliyoitia alama inayoishinda kwa mwanga, halafu na huyo jirani yake mdogo. Kati ya hizo mbili weka ngazi kumi, uniambie yetu imesimama ngazi ya ngapi. Andika tarehe na saa. Nisaidie dada, sina mwingine wa kumwomba.

Mdogo wako,
Uledi


Sumbawanga
16 Juni 1974

Kwa mdogo wangu Uledi,

Marahaba. Baba naye anasema marahaba, kaniamuru niiandike mara mbili kwa kuwa uko mbali. Hatujambo sote. Kikohozi chake kinakuja na kuondoka kama jamaa asiyejua kuaga. Wewe vaa nguo nzito, usituletee aibu ya kufa kwa baridi na huku umezaliwa Sumbawanga.

Kwa hiyo wewe ndiye uliyepelekwa Ulaya, na mtu wa kusimama kwenye upepo ni mimi. Haya. Kila jioni navaa kabuti la baba, nazunguka nyuma ya duka, nainua shingo. Hilaria jirani yetu, yule muuza ulezi, aliniuliza kama nina mtu ninayemngoja aruke ua. Nikamwambia ndiyo, ila yuko juu sana. Tangu siku hiyo ananiangalia kwa huruma.

Nyota nimeipata. Siku za mwanzo nilidhani unanitania, kwa sababu ilikuwa ileile. Kisha jioni moja nikatoka, nikaikuta imeshuka ngazi, haipo pale nilipoiacha. Hesabu zangu zote ziko kwenye karatasi ya pili, tarehe na saa na ngazi kama ulivyotaka.

Lori limeitwa kwenye operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Anayeendesha ni Kalisti dereva wetu, lakini baba hakubali kubaki, anapanda juu na mizigo, anakaa na wazee wa watu ili wasiogope. Wengine wanalia njia nzima. Anarudi amejaa vumbi, hajavua hata viatu, ananiuliza nyota ya Uledi inasemaje. Nikimwambia imefifia anasema maskini. Nikimwambia imerudi anasema alhamdulillahi, ndipo anakwenda kunawa.

Dada yako,
Kulsumu


Krakow
5 Oktoba 1974

Kwa dada yangu mpenzi,

Shikamoo dada. Naomba barua hii iwakute na nguvu zenu, na baba awe amepumzika kidogo na hizo safari. Mimi mzima, nakula, nalala.

Dada, una macho ya mwewe. Nimeziweka alama zako zote, na za karatasi ulizotuma baadaye, kwenye karatasi ya miraba na kuzipanga kufuata mzunguko wa nyota, jioni za Juni zikalala juu ya jioni za Agosti, na mstari ukajitokeza wenyewe: unashuka, unapanda, unashuka tena, unapanda. Profesa aliuliza ni chombo gani kilichopima. Nikasema ni dada yangu. Akaniomba nirudie.

Lakini kuna jambo. Nyota inafifia karibu saa sita na nusu baada ya wakati inaopaswa kufifia kwa hesabu za zamani. Kwanza nilijipiga kichwani, nikadhani nimesahau kuzigeuza saa zetu za Kiswahili, maana tofauti inakaribia ileile ya saa sita. Nimerudia kazi yote, sikusahau. Basi nijibu kwa uhakika: saa yako inasema kweli? Unairekebisha kwa kitu gani? Ikiwa ni sahihi, basi mwendo wa nyota umebadilika tangu ilipopimwa zamani, na hilo ni jambo kubwa kuliko nilivyotumwa kutafuta. Maana yake nyota moja inammwagia mwenzake mwili wake, mpaka mzunguko wao wote umechelewa.

Nimelala kidogo sana wiki hii kwa furaha.

Mdogo wako,
Uledi


Sumbawanga
1 Desemba 1974

Kwa Uledi,

Marahaba mdogo wangu. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu, tunaomba na wewe uwe hivyo.

Saa ni ile ya mkononi ya baba. Kila jioni kabla ya kutoka nairekebisha kwa redio, taarifa ya habari inapoanza. Kama yangu inakosea, basi Dar es Salaam nzima inakosea. Sasa mvua zimeanza na Nge wako amezama na jua, kwa hiyo mimi na shingo yangu tunapumzika.

Uledi, nimeandika hapo juu kwamba hatujambo kwa sababu barua haianzi kwa namna nyingine. Baba hajambo wapi. Mwezi uliopita lori lilikwama kwenye tope wakitoka kuhamisha watu, akalala nje na mvua juu yake, na tangu siku hiyo si yule. Miguu imevimba. Usiku hawezi kulala chali, analala ameketi na mito mgongoni. Daktari amesema si kifua peke yake, ni moyo.

Uliwahi kuandika kwamba masomo yanaisha Juni. Neno hilo baba amelishika. Amenituma nikuulize ni mwanzo wa Juni au mwisho wake.

Dada yako,
Kulsumu


Krakow
16 Februari 1975

Kwa dada Kulsumu,

Shikamoo. Habari ya baba imeniuma sana. Mwambie apunguze chumvi na asipande tena kwenye lile lori, Kalisti ni mtu mzima, anajua njia. Mimi sijambo.

Majira yote ya baridi nimekaa na mstari wako. Nimejaribu kuueleza kwa kila njia. Nimezifanya nyota kubwa, nimezifanya ndogo, nimezisogeza mpaka zikagusana, nimepasha moja joto na kupoza nyingine, na kila mara nikachora upya mwanga ungekuwaje. Sasa nimepata umbo linalokubaliana na macho yako. Huyu mmoja amevimba mpaka ameshindwa kujizuia, anamwagika juu ya mwenzake, na kwa kadiri anavyomwagika mzunguko unarefuka. Kuchelewa kwa ile saa sita na nusu kumekaa mahali pake kama mlango kwenye fremu yake.

Profesa anataka niisome kazi hii mbele ya wataalamu Septemba, watakuja wa nchi nyingi. Ameniombea muda wa kubaki na amepewa. Kwa hiyo dada, Juni sitaweza. Nitakuja Desemba, na nitakuja na jina. Mweleze baba vizuri, unajua wewe namna ya kumwambia.

Kiangazi kikianza tazama tena, tafadhali. Bila jioni za mwaka huu watasema ni bahati.

Mdogo wako,
Uledi


Sumbawanga
20 Aprili 1975

Kwa Uledi,

Marahaba. Natumaini u mzima.

Nimemweleza vizuri, kama ulivyosema. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kazi ni kazi, akageukia ukutani. Kesho yake akaniuliza Desemba iko mbali kiasi gani. Mtu mwenye duka tangu ujana wake ananiuliza mimi Desemba iko mbali kiasi gani.

Sasa nisikilize mimi. Baba hafiki Desemba. Daktari hakuniambia hivyo, nimemwona mwenyewe. Nikimwosha miguu kidole changu kinaacha shimo kwenye nyama na shimo halirudi. Duka nafungua nusu, bidhaa zenyewe hakuna, sukari inakuja kwa foleni. Jioni akisikia kishindo cha gari barabarani anainua kichwa. Hataki kitu kingine chochote, Uledi. Hataki dawa za huko wala jina lako. Anataka kukuona uso kwa uso, na anaona haya kukuomba kwa sababu yeye ndiye aliyekusukuma uende. Mimi sioni haya. Ninakuomba. Tiketi ya serikali unayo mwezi wa Juni, itumie.

Nyota yako imekuwapo tangu kabla ya Adamu. Haitakwenda popote.

Dada yako,
Kulsumu


Krakow
8 Juni 1975

Kwa dada yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara nyingi, mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo.

Siji, dada. Nisikilize kabla hujaitupa. Nikiondoka sasa, kazi inabaki mezani na mtu mwingine ataisoma Septemba, macho yako na miezi yangu yote viingie kwenye jina lake. Serikali ilinituma mimi peke yangu kwenye somo hili. Nikirudi mikono mitupu nitawaambia nini? Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba mtu haachi mzigo katikati ya njia. Namjua baba, ni mgumu, alishapita kwenye malaria na ndui. Atanisubiri.

Nimetuma sweta na dawa ya kusugua kifuani. Mvalishe sweta jioni.

Na nyota, dada, kama bado unaitazama.

Mdogo wako,
Uledi


Krakow
11 Septemba 1975

Kwa dada Kulsumu na baba yangu mpendwa,

Shikamooni wote. Nawaombea Ramadhani njema, mfunge kwa afya. Baba asilazimishe, mgonjwa ana ruhusa.

Karatasi yako ya Juni na Julai ilifika ingawa hukuandika neno lolote nayo, na imethibitisha kila kitu. Leo nimesoma. Nilisimama mbele yao na koti la kuazima, nikachora mstari wa Sumbawanga ubaoni, nikaeleza jinsi nyota moja inavyommwagia mwenzake mwili wake. Walipiga makofi. Mzee mmoja wa kutoka Urusi alikuja kunishika mkono, akaniuliza Sumbawanga iko wapi. Nikamchorea na hiyo.

Msomee baba barua hii kwa sauti. Mwambie kazi hii ilikuwa ni yake.

Mdogo wako na mwanao,
Uledi


Sumbawanga
21 Septemba 1975

Kwa Uledi,

Sisi tupo. Nakuombea nguvu kabla hujasoma mbele.

Baba ametutoka tarehe 12 Septemba, muda mfupi baada ya magharibi. Tulikuwa tumekwisha kufuturu. Alikunywa uji vijiko viwili, akasema ni mtamu, akaomba nimgeuze aelekee kibla, na mimi nikadhani anataka kuswali. Shangazi Mwantum ndiye aliyejua. Alimsomea shahada sikioni na baba akaifuata, midomo ilicheza, nimeiona. Tulimzika saa nne asubuhi, tarehe hiyohiyo 12, na kutoka makaburini watu wakaenda moja kwa moja kwenye sala ya Ijumaa. Mashehe wote wamesema ni kifo chema, ndani ya Ramadhani na usiku wa Ijumaa. Nami nasema hivyohivyo nikiwa na watu.

Sikukupelekea simu ya maandishi. Ingefika, na wewe usingefika.

Alikuita. Sitakuficha. Alimwita Kalisti kwa jina lako, na Kalisti, Mungu ambariki, aliitika.

Dada yako,
Kulsumu


Krakow
2 Novemba 1975

Kwa dada yangu,

Shikamoo dada. Sina habari ya kuuliza.

Barua yako ilinikuta mlangoni, nikaisomea ngazini. Nililia nilivyoweza. Usiku nikaisoma tena nione kama kuna neno lake lililonipita, ndipo nikaona kwamba umeandika amefariki tarehe 12 baada ya magharibi, na umeandika amezikwa tarehe 12 saa nne asubuhi. Nikasema msiba umemchanganya, mtu hazikwi kabla hajafa. Nikaihurumia akili yako.

Ilinichukua mpaka alfajiri. Dada, hukuchanganyikiwa. Kwetu siku inaanza jua likizama. Baba akitoka kuswali magharibi alikuwa anaichana karatasi ya kalenda pale dukani, na tangu hapo ni kesho. Kwa hesabu ya huku, baba alifariki jioni ya tarehe 11. Ni jioni ile niliyopigiwa makofi.

Na jioni zako zote za nyota, mwaka jana na mwaka huu, ziko mbele kwa siku moja. Nimezirudisha. Nyota hizi hufifia mara mbili kila mzunguko, kila baada ya saa kumi na saba na kitu, na siku nzima ukiitoa hizo zinabaki karibu zile saa sita na nusu. Sasa zimetoweka. Nyota inafifia pale ilipokuwa ikififia zamani, haijachelewa hata kidogo, na yule niliyesema anamwagika hana uvimbe wowote wa kuniletea sifa. Hukukosea hata ngazi moja. Nilikuuliza saa, nikakuuliza redio, nikageuza saa za Kiswahili kwa uangalifu kama mtu anayejua Kiswahili. Tarehe haikunijia kichwani.

Nimekwenda kwa profesa nikamweleza. Hakufoka. Alivua miwani akaifuta, akasema ataandika barua kwa wote waliohudhuria. Kazi imefutwa, na muda niliopewa unaisha Machi. Nilikaa hapa kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwapo, na kwa ajili yake sikumwona baba. Sijui mtu anaishi vipi na jambo la namna hii. Naamka nalo, nalala nalo.

Niambie kama nirudi nyumbani. Na niambie jambo moja, kwa nini hukunikumbusha? Silaumu. Nataka kujua tu.

Mdogo wako,
Uledi


Sumbawanga
18 Januari 1976

Kwa Uledi,

Marahaba. Mimi ni mzima wa mwili, shangazi pia.

Barua yako ya furaha ilifika baada ya arobaini ya baba. Ulisema nimsomee kwa sauti. Nilikwenda makaburini nikaisoma yote, na hiyo ya kabla yake, ile ya sweta. Sweta tulimpa Kalisti.

Unauliza kama urudi nyumbani. Nyumba yetu ya Majengo baba zetu wadogo wameipangisha kwa bwana Nsajigwa, ofisa wa kutoka Mbeya, mtu wa watu na mkewe mpole. Duka limefungwa, lori liko juu ya mawe. Mimi nipo Chanji kwa shangazi, tunalala chumba kimoja. Ukija tutakutandikia sebuleni. Sikuiti wala sikukatazi, nimechoka kuita. Nyota siitazami tena, jioni naingia ndani mapema.

Unauliza kwa nini sikukukumbusha. Uledi, haikuwa kwamba hatukufikiri. Jioni ya kwanza kabisa nilipoandika karatasi yako, baba alikuwa ameketi karibu yangu na kikombe chake. Akaona nimeweka tarehe mpya na usiku ndio kwanza umeingia. Akaniambia, "Huko aliko siku haigeuki mpaka usiku wa manane. Mwandikie kwa hesabu yao, mtoto asije akapotea."

Mimi ndiye niliyemkatalia. Nilimwambia Uledi ni mtoto wa nyumba hii, siku yetu ataijua hata akiwa wapi. Baba alifurahi sana kusikia hivyo, akasema basi iache.

Dada yako,
Kulsumu